UZI: Joto la udongo wiki tano za mwanzo na mavuno ya mahindi ya nyanda za juu

NzoiaMkulima

Wakuu, salaam. Kila mwaka ikifika mwezi wa tano na wa sita inarudi humu mada ileile. Mahindi ya waliochelewa kupanda yamedumaa, yana rangi ya zambarau, na jirani aliyetangulia wiki tatu tu keshaweka mbolea ya kukuzia. Majibu nayo ni yaleyale: mbegu feki, mbolea feki, shamba limechoka. Naomba leo tuongelee jambo ambalo karibu hakuna anayeligusa, na linapimika kwa kipimajoto cha bei ndogo. Ni joto la udongo pale mbegu ilipolala.

Mimi nalima Trans Nzoia, Kenya, pembeni ya Kitale, mwinuko wa karibu mita 1,900. Mvua zetu huanza Machi kuelekea Aprili na kuendelea mpaka Oktoba au Novemba. Mbegu zinazofanya vizuri huku ni zile chotara za muda mrefu, familia ya H614 na wenzake, zinazokaa shambani miezi sita au zaidi. Kila mkulima wa huku anajua kwamba ukichelewa kupanda umeumia. Watafiti wa Kitale walilionyesha hilo kwa majaribio tangu miaka ya 1960, na kwenye orodha yao ya mambo yanayopandisha mavuno, kupanda mapema kulikuwa juu kabisa. Swali ni kwa nini. Mvua yetu ni ndefu. Aliyechelewa wiki tatu bado anapata mvua ya kutosha hadi mahindi yanakomaa. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni ukame. Nini kinampiga?

Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wawili waliokuwa Kitale, Cooper na Law, walilifuatilia swali hili kwa kupima joto la udongo kwenye mahindi ya tarehe tofauti za kupanda. Maandiko yao ya 1977 na 1978 ndiyo yaliyonifungua macho. Walichokiona ni kwamba mahindi yaliyokaa kwenye udongo wenye joto zaidi katika wiki za mwanzo yalikua haraka, na wepesi ule wa mwanzo ulikwenda sambamba na mavuno ya mwisho. Aliyechelewa alikuwa anapanda kwenye udongo uliokwisha kupoa.

Angalieni msimu unavyokwenda. Januari na Februari jua linapiga kwenye udongo mkavu, mtupu. Mchana, kwa kina cha sentimita 5, udongo wa namna hiyo unaweza kuvuka nyuzi 30. Mvua zikianza kuna mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Mawingu yanapunguza jua. Maji yanayopanda kuwa mvuke yanaondoka na joto jingi. Tena udongo uliolowa hauchemki upesi, kwa sababu kupandisha joto la gramu moja ya maji kunataka nishati kama mara tano ya gramu moja ya madini ya udongo. Ndiyo maana kila wiki baada ya mvua za kwanza udongo wa nyanda za juu unazidi kupoa, na kwetu baridi inafika kilele Julai na Agosti. Anayepanda mwishoni mwa Machi anapata mabaki ya joto la kiangazi. Anayepanda mwishoni mwa Aprili anaanza na udongo uliopoa, na unaendelea kupoa.

Sasa njoo kwenye mche wenyewe. Ng'oa mche wa mahindi wenye majani manne au matano, usafishe udongo, kisha uupasue katikati kwa wembe kutoka juu kwenda chini. Fuata ule uwazi wa katikati hadi karibu na mizizi. Utakuta ncha ndogo nyeupe, nyororo, imechongoka kidogo, si kubwa kuliko kichwa cha kiberiti. Hicho ndicho kiini cha kukua. Kila jani litakalotoka linatengenezwa hapo, mbelewele zitatengenezwa hapo, na vichipukizi vya mabunzi vinaanzia kwenye pingili zinazojengwa hapo. Rudisha mche ulipokuwa umesimama, upime ncha ile ilikuwa wapi: chini ya uso wa udongo. Inabaki huko mpaka majani kama sita yafunguke kabisa hadi kwenye shingo. Kwa hiyo kwa muda wote huo, hata kama majani yako juani, kiwanda kinafanya kazi kwa joto la udongo.

Nitoe hesabu ili tusizungumze hewani. Wataalamu wa mahindi huhesabu joto kwa kuchukua wastani wa siku na kutoa 10, kwa sababu chini ya nyuzi 10 mahindi karibu hayakui. Kuchomoza kutoka ardhini kunataka jumla ya kama 65 hadi 70. Kila jani jipya linataka kama 45. Shamba lenye wastani wa nyuzi 23 linapata 13 kwa siku: mche unachomoza siku ya tano hivi, na majani sita yanakamilika kwa wiki tatu nyingine. Shamba lenye wastani wa nyuzi 18 linapata 8 tu kwa siku: unachomoza siku ya nane au tisa, na majani sita yanataka karibu wiki tano. Tofauti ya nyuzi 5 tu imezaa pengo la zaidi ya wiki mbili, na hapo mbegu ni ileile, mbolea ileile, palizi ileile.

Wiki mbili hizo si za kungoja tu. Mche mdogo una majani machache ya kukamata jua, sota (viwavi wakata miche) wana muda mrefu zaidi wa kuukata, magugu yanayopenda ubaridi yanaupita kimo. Na ukifika wakati wa kutoa mbelewele, ule uliotangulia una majani mapana zaidi ya kulisha bunzi.

Nawakaribisha, hasa wa nyanda za juu za Tanzania: Njombe, Makete, Mbeya na Rukwa. Mleteni mnachokiona huko.

---

Uwemba88

Mkuu asante kwa uzi. Mimi niko Njombe, mwinuko ni kama wako au zaidi. Ila kalenda yetu ni tofauti. Mvua zetu zinaanza Novemba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto. Baridi kali ni Juni na Julai, hadi umande unaganda asubuhi. Je, hoja yako inasimama kwetu? Na vipi wale wanaolima vinyungu, yaani matuta ya bondeni ya kiangazi, wanaopanda Julai na Agosti?

---

Mkemia

Mleta mada, uzi mzuri, lakini naona umerukia joto na kuiacha naitrojeni, ambayo ndiyo maelezo tuliyofundishwa. Birch alifanya kazi hiyo Muguga, Kenya, na akaandika mwaka 1958: udongo uliokauka sana ukilowa kwa mara ya kwanza, vijidudu vinaamka kwa nguvu, mboji inaoza haraka na naitrojeni nyingi inaachiwa kwa siku chache. Aliyepanda mapema anaikuta. Aliyechelewa, mvua imeshaishusha chini mizizi isikofika. Hiyo inatosha kueleza mahindi ya njano na yaliyodumaa bila kugusa joto.

Halafu hata ukitandika plastiki juu ya udongo ili uupashe joto, plastiki hiyohiyo inazuia mvua isizamishe naitrojeni. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Utajuaje ni kipi kilichofanya kazi?

---

NzoiaMkulima

Mkemia, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Birch alikuwa sahihi, na kila mkulima amewahi kuona kijani kile cha mvua za kwanza. Siikatai naitrojeni. Ninachosema ni kwamba haitoshi peke yake.

Kwanza, jambo la plastiki. Ni kweli inabadilisha zaidi ya kitu kimoja. Kwa hiyo tuangalie jaribio la namna nyingine. Mwaka 1972 mtafiti Watts alichapisha kazi ambayo aliitenganisha mizizi na kiini cha kukua, akabadilisha joto la kimoja bila kingine. Alipopoza kiini cha kukua, jani lilipunguza kasi ya kurefuka ndani ya dakika chache. Alipopoza mizizi peke yake, athari ilikuwa ndogo. Ndani ya dakika chache hakuna suala la naitrojeni kuzama wala mboji kuoza. Ni joto linagusa chembe zinazogawanyika. Ukijumlisha hilo na ukweli kwamba kiini kiko ardhini hadi jani la sita, huwezi tena kusema joto la udongo ni mpambe tu.

Pili, fikiria shamba la mtu aliyechelewa lakini akaweka DAP (mbolea ya kupandia) ya kutosha na ya kukuzia kwa wakati. Kama naitrojeni ndiyo kila kitu, angemfikia aliyetangulia. Huku kwetu hamfikii. Anapata mahindi ya kijani, lakini mafupi kwa umri wao, na yanayochelewa kutoa mbelewele.

Tatu, hivi vitu viwili vinashikana mikono. Vijidudu vinavyoachia naitrojeni navyo vinategemea joto. Kwenye nyuzi za kawaida za shamba, kasi yao hukaribia kuongezeka maradufu joto la udongo likiongezeka kwa nyuzi 10. Udongo wa baridi unachelewesha mche na unachelewesha chakula chake.

Uwemba88, ndugu yangu, kwa Njombe hoja inasimama vizuri kabisa. Nyinyi mnaanza mvua mkiwa kwenye miezi ya joto, hilo ni jambo zuri kuliko letu. Lakini mawingu na udongo kulowa vinapoza kwenu kama kwetu. Kumbuka pia kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa kama nyuzi 0.6. Mtu wa Makete aliye mita 400 juu yako anaanza na upungufu wa nyuzi 2 na kitu, na kwa hesabu niliyoitoa juu, nyuzi 2 kwenye udongo wa nyuzi 18 ni robo ya joto lote la kukuzia. Huyo ndiye asiyetakiwa kabisa kungoja mvua ya tatu.

Vinyungu ni habari nyingine, na ni elimu kubwa ya wazee. Bondeni maji ni mengi na udongo ni mweusi. Wanapoinua tuta, maji yanashuka, hewa inaingia, na tuta linapata jua hata pembeni. Tuta lililochujika linapata joto upesi kuliko ardhi bapa iliyolowa. Ila Julai asubuhi udongo unaweza kushuka karibu na nyuzi 10, na hapo kuna hatari ya pekee: mbegu ikinyonya maji ya baridi kali katika siku yake ya kwanza au ya pili, ngozi za chembe zake zinapasuka na mche unatoka umejikunja au hautoki kabisa. Wa vinyungu wangoje wiki yenye jua, na wapande saa nne au saa tano asubuhi baada ya tuta kuota jua, siyo alfajiri.

---

MamaShamba_Mbozi

Shikamoo wakubwa. Mimi ni mkulima wa Mbozi, nina maswali mawili yananiumiza.

La kwanza, ile zambarau. Bwana shamba alinambia ni upungufu wa fosforasi, nikaongeza DAP, msimu uliofuata ikarudi palepale, halafu baada ya wiki kadhaa ikaondoka yenyewe. La pili, tumefundishwa kilimo hifadhi, tuache mabua na majani yafunike udongo, tusilime. Shamba linashika maji vizuri na mmomonyoko umekwisha, lakini mahindi yangu yanaanza taratibu kuliko ya jirani anayelima na kuchoma mabaki. Naona aibu kusema hili mbele ya kikundi.

---

NzoiaMkulima

Marahaba dada. Swali lako la pili ndilo bora kwenye uzi huu, na usione aibu, maana ulichokiona ni kweli.

Nianze na zambarau. Fosforasi haitembei sana ndani ya udongo, mzizi lazima uifuate. Udongo ukiwa wa baridi mizizi inakua kidogo, kwa hiyo mche unakosa fosforasi hata kama ipo tele. Sukari iliyotengenezwa kwenye majani nayo haitumiki haraka, na rangi ya zambarau inajitokeza. Jua likirudi, udongo ukipata joto, mizizi inasambaa na rangi inaondoka yenyewe, kama ulivyoona. Kwa hiyo bwana shamba hakukosea kutaja fosforasi. Tofauti ni kwamba dawa si kuongeza mifuko bali kuiweka karibu. DAP itiwe ndani ya shimo, ifunikwe kwa udongo kidogo, kisha mbegu, ili mzizi wa kwanza uikute bila safari. Kuna mbegu ambazo kwa asili yake zina rangi hiyo zaidi ya nyingine. Ikiwa zambarau inabaki hadi mahindi yanafika magotini na hali ya hewa ni nzuri, hapo pima udongo.

Sasa matandazo. Mabua juu ya udongo ni kama paa la makuti: yanazuia jua lisiingie mchana na kuzuia joto lisitoke usiku. Kwa wastani wa nyanda za juu, mchana unapoteza zaidi ya unachookoa usiku. Udongo uliofunikwa pia una maji mengi zaidi, na tumeshasema maji yanavyochelewesha joto. Wakulima wa ukanda wa mahindi wa Marekani wanaopanda bila kulima walikutana na tatizo hilihili, na suluhisho lao halikuwa kurudi kulima shamba zima. Walifunga kwenye mashine za kupandia magurudumu yanayosukuma mabaki pembeni, mstari wa mbegu ubaki wazi.

Wewe unaweza kufanya hivyo kwa jembe au reki. Kabla ya kupanda, sogeza mabua pembeni upate ukanda mtupu wa upana kama wa viganja viwili pale mbegu itakapokaa. Katikati ya mistari acha kila kitu kama kilivyo. Mahindi yakifunguka jani la sita au la saba, kiini kimeshatoka juu ya ardhi, rudisha mabua kwenye mstari. Wakati huo matandazo hayamdhuru tena mmea, na unabaki na faida zake zote za maji na mboji. Hilo la jirani kuchoma mabaki nakushauri usilifuate. Jivu jeusi linapasha udongo kwa siku chache, lakini mboji unayoipoteza hairudi kwa msimu mmoja.

Na kina cha kupanda nacho kinahusika. Sisi tumezoea sentimita 5. Kwenye udongo wa baridi uliolowa vizuri, 3 hadi 4 zinatosha, maana sehemu ya juu ndiyo inayopata joto zaidi mchana na mche hautumii akiba nyingi kupanda juu. Usipande juu zaidi ya sentimita 3, mizizi ya kudumu inahitaji udongo wa kushika.

---

KongwaMtama

Nyinyi mnalia baridi, sisi huku Kongwa, Dodoma, tunalia joto. Tukipanda mtama au mahindi mvua ikanyesha mara moja halafu ikakata siku kumi, udongo unawaka. Mbegu zinachomoza kwa mafungu, mapengo kila mahali. Wengine wanasema ni ukame tu. Je, joto la udongo nalo linaua?

---

NzoiaMkulima

Linaua, mkuu, na huku kwako hesabu inageuka juu chini.

Mahindi hufurahia udongo wa nyuzi 25 hadi 30 wakati wa kuota. Ukivuka 35 kasi inashuka, na karibu na 40 hadi 45 mbegu nyingi hazioti au mche unafia chini kabla ya kuona jua. Mtama unavumilia zaidi, ndiyo maana umekaa huko kwenu vizazi na vizazi, lakini nao una kikomo. Uso wa udongo mkavu, mtupu, saa saba mchana, unaweza kuvuka nyuzi 50. Kile kichipukizi laini kinapopenya sentimita ya mwisho kinapita kwenye tanuri. Mara nyingine ukichimba kwenye pengo unakuta mbegu iliota vizuri, kichipukizi kimejikunja na kukauka ncha chini kidogo ya uso. Hapo ujue maji yalikuwepo ya kuiotesha, kilichoimaliza ni joto la juu pamoja na gamba la udongo lililokauka.

Kwa hiyo kwako matandazo ni rafiki tangu siku ya kwanza. Mtafiti Rattan Lal, yule aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2020, alifanya majaribio mengi ya matandazo miaka ya 1970 akiwa kwenye IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, Ibadan, Nigeria. Kule, kwenye nyanda za chini za kitropiki, kufunika udongo kwa majani kulishusha joto la mchana na mahindi yakafanya vizuri zaidi. Mtu wa Kitale akiyasoma matokeo hayo na kuyaiga bila kufikiri, anaumia. Mtu wa Kongwa akiyasoma ya Kitale na kutandika plastiki ya kupitisha mwanga, anapika mbegu zake. Ushauri wa kilimo unaotolewa redioni bila kutaja mwinuko unanisikitisha sana kwa sababu hii.

Kwako panda chini zaidi, sentimita 5 hadi 7 kwa mahindi, kidogo pungufu kwa mtama kwa sababu punje yake ni ndogo na haina akiba ya kusukuma mbali. Panda mara tu baada ya mvua nzito, siyo manyunyu. Tia majani makavu juu ya mstari, yawe mepesi mche upenye.

Kunde, mbaazi na karanga navyo vina habari yao. Vile vinundu vya kwenye mizizi vinavyotengeneza naitrojeni havipendi udongo wenye joto kali. Maharage ndiyo dhaifu zaidi, udongo ukikaa juu ya nyuzi 30 vinundu vinapungua na kazi yake inazorota. Kunde zinastahimili kuliko maharage, na hiyo ni sababu moja ya kunde kutawala ukanda wenu na maharage kutawala wetu. Viazi mviringo ni mfano mwingine: udongo wa nyuzi 15 hadi 20 ndio unaojaza viazi, na ukikaribia 30 mmea unatoa majani mengi bila kiazi cha maana.

---

Mkemia

Jibu la Watts nimelielewa, na la dakika chache limenishawishi kuhusu jani. Bado nina swali la mavuno. Joto likiharakisha mmea, si linafupisha pia maisha yake? Mahindi ya nyanda za chini yanakomaa upesi na yanazaa kidogo kuliko ya Kitale. Iweje joto liwe baya kule na zuri hapa?

---

NzoiaMkulima

Swali la haki kabisa. Siri iko kwenye lini joto linakuja.

Nyanda za chini mmea uko kwenye joto maisha yake yote. Unajenga majani haraka, lakini unajaza punje haraka pia, na muda wa kujaza punje ukifupishwa bunzi linakuwa jepesi. Nyanda za juu, ukipanda mapema, joto la udongo linaharakisha wiki za mwanzo peke yake, kipindi ambacho mmea ni mdogo na jua jingi linaangukia udongo mtupu bila kutumika. Kiini kikishatoka ardhini, kinaanza kufuata joto la hewa, na hewa ya Kitale ya Juni hadi Agosti ni baridi. Kwa hiyo kujaza punje kunachukua muda mrefu, na wakati huo majani ni mapana. Umepata mwanzo wa haraka na mwisho wa taratibu. Huo ndio mchanganyiko unaozifanya mbegu za muda mrefu zizae vile huku, na ndiyo sababu ukichelewa unaupoteza mwanzo bila kupata kitu mwishoni.

---

Uwemba88

Sasa mkuu tupe kazi. Napimaje? Na nikipima, nipande lini? Kuna jamaa hapa Njombe analeta zile nailoni za kutandika kama za kwenye nyanya, nitumie kwa mahindi?

---

NzoiaMkulima

Kipimajoto chochote chenye ncha ya chuma kinatosha, hata kile cha jikoni cha kupimia nyama, ilimradi kisome kuanzia nyuzi 0. Kabla hujakiamini, kizamishe kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka, kinatakiwa kusoma karibu na 0. Shambani chomeka kwa kina cha mbegu, sentimita 5, mahali ambapo hapana kivuli chako. Ngoja dakika mbili tatu. Soma saa moja au saa mbili asubuhi, kisha saa nane au saa tisa alasiri. Jumlisha, gawa kwa mbili. Fanya hivyo sehemu tatu nne za shamba, maana upande unaotazama jua la asubuhi, bondeni, na chini ya miti ni dunia tofauti. Kwenye mashamba ya mteremko utashangaa tofauti iliyopo ndani ya ekari moja.

Ila usiifanye namba iwe ya kungojea kama wanavyofanya Marekani. Wao wanatoka kwenye majira ya baridi, udongo unapata joto kadiri siku zinavyokwenda, ndiyo maana wanasubiri ufike nyuzi 10 na utabiri uonyeshe joto linakuja. Sisi tunakwenda kinyume: udongo ni wa moto kabla ya mvua na unapoa kila wiki. Kwetu kipimajoto kinakuonyesha unachopoteza kila siku unayochelewa. Kwa hiyo uwe umelima, umenunua mbegu na DAP, na umepanga vibarua kabla ya mvua. Wengi wanaochelewa hawachelewi kwa mvua, wanachelewa kwa trekta na pesa ya mbegu.

Kupanda kwenye vumbi siku chache kabla ya mvua kunafaa pale ambapo mvua zikianza hazikati. Panda chini kidogo, ili manyunyu ya kudanganya yasiiamshe mbegu. Kama mwanzo wa mvua kwenu ni wa kusuasua, gawa shamba: nusu kwenye vumbi, nusu baada ya mvua nzito ya kwanza.

Kuhusu nailoni, inafanya kazi. China walianza kuisambaza mwishoni mwa miaka ya 1970 wakiipata kutoka Japani, na leo maeneo yao makavu na ya baridi yanalima mahindi mengi chini yake. Ya kupitisha mwanga inapasha udongo kuliko nyeusi, lakini magugu nayo yanastawi chini yake. Kwa bei ya mahindi yetu naiona ni ghali, na vipande vinavyobaki ardhini ni balaa ambalo China yenyewe inahangaika nalo. Kwa nyanya na mahindi mabichi ya kuwahi soko, piga hesabu yako. Kwa mahindi ya gunia, tuta lililochujika vizuri, ukanda wa mbegu usiofunikwa na kupanda kwa wakati vitakupa sehemu kubwa ya faida bila kununua kitu.

---

MamaShamba_Mbozi

Nimeelewa. Moja la mwisho: tunachanganya mahindi na maharage. Nayo nipande siku ileile?

---

NzoiaMkulima

Dada, mahindi kwanza, siku ya kwanza kabisa. Maharage yanakomaa kwa miezi mitatu, hayana haraka kama mahindi, ila yakipandwa pamoja yanafunika udongo upesi na kuutia kivuli mstari wa mahindi ambao kiini chake bado kiko chini. Ukiyapanda katikati ya mistari, mbali na mahindi, siku ileile inawezekana. Ukiyapanda shimo moja na mahindi, ngoja mahindi yafike majani matatu. Maharage yenyewe hayapendi udongo wa chini ya nyuzi 12, na kwenye udongo wa baridi uliolowa yanaoza kuliko mahindi. Kama una dawa ya kupaka mbegu, itumie kwenye maharage ya kupanda kwa kuchelewa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.